Albamu Tatu, Kabla ya Alhamisi

Ntakije alinipa kadi ndogo kuliko ukucha,
aliitoa kwenye kisanduku cha kiberiti, pale stesheni,
akasema, "Zote mpya. Sikiliza, halafu useme kweli.
Narudi Alhamisi." Treni ya Kigoma ikamchukua.

Basi nasema kweli. Nimefunga kibanda mapema
hapa Ng'ambo, nyuma ya mashine ya mpunga,
nimeunganisha ile spika niliyoitengeneza mara tatu
na mwenyewe hajaja kuikomboa.

Ya kwanza ni ya Mabati, vijana wa Gungu.
Roki, wanasema. Gita mbili, ngoma, na hasira ya dukani.
Wanailaani miji ambayo hawajawahi kulala.
Mwimbaji anayavutia maneno puani
kama mtu anayezuia chafya katikati ya swala.
Wimbo wa nne una kiitikio kizuri, nakiri,
lakini wamekirudia mara kumi na moja.
Nilihesabu, nilikuwa nachomelea waya.
Hata asali ya Sikonge,
kijiko cha kumi na moja kinakuwa dawa.

Ya pili ni ya dada mmoja wa Urambo, anajiita Jani Bichi.
Amerekodi peke yake, ndani ya bani la tumbaku,
unasikia kuni zikipasuka chini ya sauti.
Gita lake lina nyuzi tano.
Wa sita ulikatika; hakwenda kununua mwingine,
aliutungia wimbo.
Kuna kimoja cha sekunde arobaini tu:
anahesabu madeni ya mbolea ya babaake,
mfuko kwa mfuko, kisha ananyamaza.
Nilidhani kadi imeharibika.
Nikarudisha nyuma. Nikarudisha tena.
Hapa sina la kusema,
na mimi kukosa la kusema
ni jambo la kuitia majirani.

Ya tatu niliiogopa.
Sita Usiku. Wale wetu.
Niliwabebea ampu kwa baiskeli, Cheyo hadi Isevya,
miaka ile wakifanyia mazoezi stoo ya asali;
kwenye kanda yao ya kwanza nyuki wamo,
na treni ya mizigo inapiga honi katikati ya beti,
na mwimbaji anaisubiri ipite, hana haraka.
Hii mpya wameirekodi Dar.
Safi kama shati la bwana harusi,
na kama shati la bwana harusi, ni la kuazima.
Mihayo, mpiga besi, alikuwa akichelewa,
kidogo tu, nusu ya kope,
na ndani ya kuchelewa kule ndimo tulimochezea.
Sasa mashine imemsogeza. Anawahi.
Anawahi kama karani mgeni.
Mgema akisifiwa... ndiyo, naijua,
na aliyewasifu ni mimi,
ukumbini, kwa sauti, nimesimama juu ya kreti.

Kalunde alipita na kapu la karanga,
akasikiliza wimbo mzima kapu likiwa kichwani.
"Mbona wameimba vizuri," akasema.
"Wewe humo unatafuta baiskeli yako."
Sikumjibu.
Nilimwambia karanga zake hazijaiva.

Usiku, mashine ya mpunga imezimwa, mtaa umetulia,
nikairudia ile ya tatu, nikiwa na kinyongo, taratibu.
Kabla ya wimbo wa nane, fundi wa Dar alisahau kukata:
mtu anakohoa, kiti kinasogea,
na Mihayo, ni yeye, ananong'ona, "Ngojeni kwanza."
Sekunde tatu.
Nimeirudisha mpaka kidole kimepata joto.

Alhamisi nitamwambia Ntakije:
Mabati warudishie yao, waambie wakalale Kasulu usiku mmoja
ndipo waandike.
Ya yule dada naibakiza, na kama ana anwani
namtumia uzi wa sita;
hapana, simtumii.
Akiniuliza ya tatu,
nitasema wiki hii kazi zilinizidi,
sijaifikia bado.